Uzi wa Bibi Cherehani

Kila alasiri, Chiriku akitoka shule, alivua viatu mlangoni, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, ndipo akaingia chumba cha nyuma. Hiyo ilikuwa sheria ya shangazi yake, na shangazi yake hakuwa mtu wa kurudia sheria. Chembe moja ya vumbi ikinata kwenye rangi mbichi, alisema, sanamu huota chunusi, na hakuna mteja anayelipia chunusi.

Chumba hicho kilikuwa na dirisha moja lililotazamana na ukuta wa jirani. Mlango wake wa mbao ulikuwa umevimba kwa unyevu. Ukitaka kuufunga au kuufungua, lazima uusukume kwa bega. Katikati palikuwa na meza, na juu ya meza palikuwa na soko zima: mapaa ya bati jembamba, vibanda vya vijiti, magunia ya ukubwa wa kidole gumba, hata mizani ya muuza nyama ikining'inia kwa uzi. Shangazi alikuwa fundi wa mifano midogo ya majengo. Kwa kawaida wajenzi walimjia wakitaka kuona jengo ambalo bado halijajengwa. Safari hii mambo yalikuwa kinyume. Soko la zamani lilikuwa limekwisha kubomolewa, jipya lilikuwa likijengwa, na wafanyabiashara walikuwa wamehamishiwa kwa muda kwenye uwanja wa wazi kando ya barabara. Kamati yao ilimwomba Shangazi awatengenezee soko lao kama lilivyokuwa, likae ndani ya sanduku la kioo mlangoni mwa soko jipya. Tena hawakutaka kuta tupu. Walitaka wenyewe wawemo, kila mtu mahali pake.

Basi Shangazi akawachonga. Kila sanamu ilikuwa na urefu wa kidole cha mtoto, lakini ukiitazama ulimjua mwenyewe. Palikuwa na tumbo la muuza nyama, shingo ya fundi saa iliyozoea kuinama, na Bibi Cherehani, mshonaji mzee aliyekaa mlangoni mwa soko tangu watu wazima wa leo walipokuwa wakiletwa kwake kupimwa sare za shule. Kilichobaki kilikuwa ngozi, na kwenye kazi hii ngozi ndiyo mtihani.

"Hakuna kopo la rangi ya ngozi," Shangazi alipenda kusema. "Ukiuziwa kopo la rangi ya ngozi, muulize muuzaji, ngozi ya nani?"

Yeye alichanganya mwenyewe juu ya kigae cheupe: nyekundu, njano, nyeupe kidogo, na tone la buluu kwa mtu aliye mweusi zaidi. Rangi nyeusi hakuitumia kwenye ngozi, kwa sababu huifisha ikawa kama majivu. Alipaka nyepesi kama maji ya chai, tabaka juu ya tabaka, akianza na la giza chini, akiacha kila moja likauke kabla ya jingine. Viganja vilikuwa na rangi yake, midomo na yake, na vifundo vya vidole na yake. Na rangi yenyewe haikutoka kichwani mwa fundi. Ilitoka kwa mwenye ngozi. Shangazi aliketi na mtu nje, mchana kweupe, akamtia tone la rangi kwenye kifundo cha mkono. Likionekana, alichanganya tena, akatia jingine, mpaka tone moja likapotea pale pale lilipowekwa.

"Tone likipotea, umempata," alisema. Rangi hiyo ilitiwa kwenye kichupa cha dawa kilichooshwa, kikaandikwa kazi ya mtu yule.

Kabla hajaanza kuwazungukia watu, Shangazi aliteleza kwenye ngazi akavunjika mguu. Ukafungwa plasta mpaka gotini, na daktari akamkataza kuukanyagia. Akawa mtu wa kukaa chumba cha nyuma kutwa, mguu juu ya stuli, akimtazama Chiriku kwa jicho la mtu anayepiga hesabu.

Chiriku alikuwa darasa la saba. Aliishi kwa shangazi yake kwa sababu wazazi wake walifanya kazi mbali. Jina hilo la ndege alipewa kwa ajili ya mdomo wake, ambao haukuwa na likizo. Lakini mkono wake ulikuwa mwepesi kwenye brashi. Nyanya zote za soko lile alizipaka yeye, kila moja na kitone chake cha mwanga, ungedhani zimenyeshewa.

"Sasa wewe ndiye miguu yangu," Shangazi alimwambia. "Nenda kwa kila mtu, wameshaambiwa. Na usiniletee rangi ya kubahatisha, mwanangu. Hawa soko lao limevunjwa. Kitakachobaki ni hiki kilicho mezani."

Chiriku akaahidi, tena kwa maneno mengi.

Siku ya kwanza alikwenda kwa muuza nyama, aliyeitwa Ngurumo kwa sababu ya sauti yake. Ngurumo alinyoosha mkono kwa furaha, kisha akawaita majirani waje waone anavyopakwa poda kama bibi harusi. Watu wakajaa. Wanafunzi wawili wa darasa la Chiriku, waliotumwa nyama, wakasimama mbele kabisa wakicheka mpaka wakashika matumbo. Chiriku aliimaliza kazi, na tone likapotea kweli kweli, lakini alirudi nyumbani masikio yanawaka moto. Kesho yake darasani kila aliyepita kwenye dawati lake alimnyooshea mkono apakwe poda.

Kusema alikuwa anaweza. Kushika mkono wa mtu mzima, kukaa kimya akiukazia macho huku watu wakipita wakimtazama, hilo lilimshinda.

Alasiri ile ilikuwa zamu ya Bibi Cherehani. Chiriku alimwona kutoka mbali. Bibi alikuwa ametoa kiti kidogo cha miguu mitatu, kile cha wateja wanaosubiri, akakiweka juani karibu na chake. Alikuwa anamngoja yeye. Lakini kwenye meza ya jirani, ya muuza madaftari, walikuwa wamesimama wale wale wawili wa darasa lake. Chiriku akajibanza nyuma ya rundo la ndoo za kuuzwa akangoja waondoke. Hawakuondoka. Mwishowe aliondoka yeye.

Nyumbani hakuingia moja kwa moja. Alikaa uani, nyuma ya tangi la maji, akajitia tone kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe, akachanganya mpaka likapotea. Halafu akaongeza nyeusi kidogo, kwa kuwa Bibi Cherehani alikuwa mweusi kuliko yeye, akaandika kwenye kichupa: Mshonaji. Akajiambia kwamba kesho atakwenda kweli, na hicho kichupa atakimwaga.

"Amekupokeaje?" Shangazi aliuliza.

"Vizuri sana, Shangazi. Alinitolea kiti."

Hilo, angalau, lilikuwa kweli.

Kesho yake hakwenda. Kichupa cha kwanza kilikuwa kimepokelewa bila kutiliwa shaka, na cha pili kilikuwa rahisi zaidi. Fundi saa, mama wa mboga, muuza ndoo, wote walipatikana nyuma ya tangi la maji, kwenye mkono ule ule mmoja, huyu akiongezewa nyeupe kidogo, yule nyeusi kidogo. Na kila aliporudi ndani, Chiriku alileta hadithi. Mama wa mboga alikuwa amekataa kupakwa mkono wa kushoto kwa sababu ndio wa kupokelea madeni. Fundi saa alikuwa amelia akikumbuka kibanda chake cha zamani. Shangazi alizipenda hadithi hizo kupita kiasi. Alikuwa amefungiwa ndani na mguu wake, na soko lake lote sasa lilikuwa mdomo wa Chiriku.

Lakini uongo ukishakaribishwa nyumbani unataka kulishwa kila siku. Chiriku hakuweza tena kupita uwanjani walipo wafanyabiashara, kwa sababu mmoja tu angemwita na kumuuliza lini atakuja. Akaanza kuzungukia nyuma, njia ya mtaro wa maji machafu, mwendo mrefu mara mbili. Viatu vilinuka, Shangazi akauliza, ikabidi utungwe uongo wa viatu. Akitumwa nyanya, alikwenda duka la mbali akalipa zaidi, ukatungwa uongo wa nyanya. Mtu akibisha hodi, aliwahi mlangoni yeye kwanza. Shangazi aliposema daktari anakaribia kumfungua plasta, Chiriku alitabasamu, kisha akahesabu siku zilizobaki.

Mahali pabaya kuliko pote palikuwa chumba cha nyuma. Kila alasiri ilimbidi ausukume mlango kwa bega, aufunge nyuma yake, aketi chini ya jicho la Shangazi na kuupaka uongo wake vizuri. Tabaka la giza. Lingoje likauke. Tabaka la pili. Shangazi alikuwa akimsifu kwa mkono wake mwepesi, naye kila akisifiwa aliinama zaidi juu ya sanamu. Sanamu ya Ngurumo ilikuwa imesimama mezani na ngozi yake hai, yenye joto la watu. Waliomzunguka walikuwa wamepauka kama waliotoka kuzoa majivu, na wote walifanana, kama watoto wa tumbo moja. Chiriku alipoinua macho, ni mkono wake mwenyewe uliomtazama kutoka kwenye zile nyuso.

Siku moja Shangazi aliichukua sanamu ya Bibi Cherehani akaisogeza dirishani.

"Huyu mbona kapauka? Mimi nilimjua mweusi wa kung'aa."

"Siku hizi hatoki nje, Shangazi," Chiriku alijibu, maneno yakitangulia akili. "Anakaa ndani tu, jua halimfiki. Anaumwaumwa."

Shangazi akashtuka. Akavuta simu akampigia Bibi Cherehani pale pale. Chiriku alikuwa ameshika brashi, na hakuthubutu hata kuiweka chini. Alimsikia Shangazi akitoa pole, akishukuru kwa jinsi mwanawe alivyopokelewa, kisha akisikiliza. Chumba kilikuwa hakina mahali pa kukimbilia. Mlango ulikuwa umefungwa, na kuufungua kungepiga kelele.

"Haya, mama. Haya, nitamwambia," Shangazi alisema, akaikata simu. "Anasema ni uchovu tu, hajambo. Na amesema nikwambie kiti chako bado kipo." Akacheka. "Umependwa, wewe."

Chiriku aliinamia kazi yake asionekane uso. Bibi Cherehani alikuwa amejua kila kitu. Hakumshitaki, wala hakusema uongo ili kumkinga. Alikuwa amemwachia nafasi tu. Chiriku alitamani angeshitakiwa, ayamalize. Kesho yake alibeba kigae na rangi mpaka kwenye kona ya uwanja, akarudi. Kwenda sasa kulimaanisha kueleza kwa nini hakwenda mwanzo, na kila siku aliyokawia maelezo yalizidi kuwa marefu. Hata chiriku ana mahali ambapo maneno humwishia.

Jumamosi moja, wiki moja kabla ya kukabidhi kazi, Ngurumo alibisha hodi. Aliongea kwa sauti ya chini, na hilo peke yake lilitosha kuogopesha. Bibi Cherehani alikuwa ameanguka juu ya mashine yake jana. Alikuwa amelazwa hospitali, homa ya mapafu.

Chiriku akayakumbuka maneno yake. Anakaa ndani tu, jua halimfiki, anaumwaumwa. Alikuwa ameyasema yeye, kwa mdomo wake, na sasa yamekuwa. Alijua kwamba maneno hayamlazi mtu hospitali, lakini kujua hakukumsaidia.

Ngurumo, katika kutafuta pa kuweka macho, akaliona soko. Akasogea. Akajiona.

"Huyu ni mimi," alisema polepole. Akauweka mkono wake mnene kando ya sanamu, akautazama mkono, akaitazama sanamu. Macho yalimlegea. Kisha akawageukia wengine, na kwa kuwa hakuzoea kukaa muda mrefu bila utani, akauliza, "Na hawa? Wote ni ndugu zake Chiriku?"

Alicheka peke yake. Shangazi aliziangalia zile sanamu moja baada ya nyingine. Kisha akauangalia mkono wa Chiriku ulioshika brashi.

Hakuuliza. Labda angeuliza, Chiriku angepata uongo mwingine wa kujibu.

"Sikwenda," Chiriku alisema. "Kwa Bibi Cherehani sikwenda. Kwa hawa wengine pia sikwenda. Ni mkono wangu, Shangazi. Wote ni mkono wangu."

Ngurumo alikohoa, akasema huenda kosa ni lake, siku ile alimzidishia mtoto utani mbele ya watu.

"Utani hauandiki vichupa," Shangazi alimjibu. Akamgeukia Chiriku. "Na zile hadithi? Fundi saa kulia?"

"Nilizitunga."

Shangazi aligeukia ukuta. "Nilizipenda," alisema.

Chiriku alikuwa amejiandaa kwa kelele, hata kwa kofi. Kwa hilo hakuwa amejiandaa. Akalia pale pale, kamasi na machozi, akaomba radhi, akasema atazirudia zote, hata kama hatalala. Shangazi alimwacha alie mpaka akamaliza. Rangi iliyokauka haioshwi, akamweleza. Inapigwa msasa taratibu, na msingi wa giza unaanza upya. Kisha akaichukua chupa ya rangi nyeusi akaitia mfukoni mwake.

"Anza na hospitali," alisema. "Saa ya kuwaona wagonjwa haijapita."

Ngurumo ndiye aliyempeleka. Walipita katikati ya uwanja wa wafanyabiashara, njia ambayo Chiriku alikuwa hajaikanyaga tangu siku ile ya ndoo. Watu walimwita wakimuuliza mbona kawatupa. Aliwaambia atakuja, akimwangalia usoni kila aliyemwita. Mlangoni mwa wodi Ngurumo akasema yeye atasubiri nje, maana sauti yake huamsha wagonjwa.

Bibi Cherehani alikuwa kitanda cha dirishani, amekuwa mdogo ndani ya shuka. Midomo yake ilikuwa imekauka na ngozi imeingia ukijivu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umechelewa, lakini umefika. Ila hapa sina kiti cha kukupa."

Chiriku alisimama kando ya kitanda akamweleza yote, toka mwanzo, kwa maneno machache kuliko aliyowahi kutumia maishani. Bibi alisikiliza amefumba macho.

"Nilijua," alisema. "Nilikuona siku ile nyuma ya ndoo. Miguu yako ilikuwa nje."

Chiriku hakujua acheke au alie. Alitoa kile kichupa cha uongo, kilichoandikwa Mshonaji, ili amwonyeshe jinsi alivyokosea. Akatia tone moja kwenye kifundo cha mkono wa Bibi. Alitaka wote wawili waone lisivyofanana.

Tone likapotea.

Chiriku alilikodolea macho. Rangi aliyoitunga nyuma ya tangi, kwa mkono wake na nyeusi ya kubahatisha, ilikuwa imelingana na mkono huu wa ugonjwa bila kasoro. Alirudi nyuma hatua moja.

"Hebu tulia," Bibi alisema. "Hiyo ni rangi ya homa. Homa haikuagizwa na wewe, mimi nilianza kukohoa kabla hujaujua uongo. Na homa itaondoka, isiwekwe kwenye kioo. Fungua hicho kikabati, nipe gauni langu."

Chiriku akampa. Bibi aligeuza ukosi kwa vidole vyake vya mshonaji, ambavyo havikuwa vimesahau kazi, na chini ya ukosi palikuwa na sindano imechomekwa, na uzi wa kahawia umeizunguka.

"Kila alasiri nilipokuwa nikikungoja, nilichoka kukaa bure," alisema. "Nikatoa nyuzi zangu za kahawia, nikazilaza hapa mkononi, mmoja mmoja. Sisi washonaji hutafuta uzi hivyo hivyo, ukipotea kwenye kitambaa ndio wenyewe. Nyuzi nyingi zilionekana. Huu ukapotea. Nikauchomeka hapa, nikasema mtoto akija nimpunguzie kazi." Akapumzika kidogo, akivuta pumzi. "Chukua. Hiyo ndiyo rangi yangu ya siku uliyosema ulikuja."

Chiriku aliupokea uzi kwa mikono miwili. Maneno hayo yalimchoma kuliko sindano, na Bibi alikuwa ameyasema bila ukali hata kidogo.

Wiki ile ilikuwa ya kazi. Kila alasiri Chiriku alikwenda uwanjani na kigae chake, akakaa na watu mchana kweupe, akashika mikono yao. Kwanza aliomba radhi. Mama wa mboga alimpa somo refu akiwa amesimama, huku wateja wakisikiliza. Fundi saa alimwambia asubiri amalize saa aliyoishika, akamsubirisha mpaka kivuli kikahama. Wale wawili wa darasa lake walikuja kucheka kama kawaida. Chiriku alikuwa ameshika mkono wa muuza ndoo, na tone lilikuwa karibu kupotea, hakutaka kuinua macho. Alipoinua, mmoja wao alikuwa amechuchumaa karibu, akitazama, akiuliza limekwenda wapi.

Jioni alimpelekea Shangazi hadithi za kweli. Zilikuwa fupi.

"Fundi saa amesema nini?"

"Amesema 'mm'."

Shangazi alicheka mpaka plasta ikagonga stuli. "Huyo ndiye yeye," alisema. "Ungeniambia hivyo mwanzo, ningekuamini."

Sanamu ya Bibi Cherehani ilikuwa ya mwisho. Chiriku aliulaza uzi juu ya kigae akachanganya rangi kando yake: nyekundu, njano, tone la buluu, tena nyekundu. Alikosea mara nyingi. Uzi uliendelea kuonekana, mwembamba, mkaidi. Mwishowe aliongeza buluu kwa ncha tu ya brashi, na uzi ukazama ndani ya rangi asiuone tena. Alimwita Shangazi kwa sauti kama ya Ngurumo.

Siku ya kukabidhi, Shangazi alikuja kwa magongo. Watu walilizunguka sanduku la kioo mlangoni mwa soko jipya, wakijitafuta, wakitafutana, wakigombana kidogo nani alikuwa karibu na nani. Bibi Cherehani alitoka hospitali siku mbili kabla. Alifika ameegemea mkono wa Ngurumo, watu wakampisha. Aliitazama sanamu yake kwa muda mrefu: mweusi wa kung'aa, ameinamia mashine, jua la mlangoni likimpiga shavuni. Akauweka mkono wake kwenye kioo karibu nayo. Mkono bado ulikuwa umepauka.

"Ameniacha nyuma," alisema. "Ngoja nipate jua kidogo, nitamfikia." Kisha akainama zaidi. Kando ya sanamu palikuwa na kiti kidogo cha miguu mitatu, si kikubwa kuliko punje ya hindi. "Na hiki?"

"Ni kile cha wateja, Bibi," Chiriku alijibu. "Nilimwomba Shangazi akichonge."

"Mbona hakina mtu?"

Watu walikuwa wakisikiliza, na wale wawili wa darasa lake walikuwemo. Masikio ya Chiriku yaliwaka moto kama siku ile ya poda, lakini safari hii hakutafuta ndoo za kujificha.

"Kwa sababu sikuja," alisema.

Bibi akamshika bega.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, taratibu kwa mwendo wa magongo, Shangazi ndiye aliyeanza. "Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yako ilikuwa ndefu, ilizunguka mpaka mtaroni." Akasimama kupumzika. "Sikiliza, mwanangu. Kuona haya si dhambi. Ungekuja siku ile ukaniambia, Shangazi, watu wamenicheka, nimeshindwa, tungetafuta njia. Kosa la rangi hupigwa msasa likapakwa upya. Lakini ulilificha, na uongo ukatufungia sote wawili chumbani, mimi na mguu wangu, wewe na watu wako wa majivu. Ulipousema ukweli, ndipo mlango ulipofunguka. Ukishindwa, sema umeshindwa. Na ukitaka kumjua mtu, mshike mkono wake, usiutazame wako."

Chiriku alitikisa kichwa akikubali. Kwa mara ya kwanza Shangazi alimaliza kusema bila kukatizwa.

Jumatatu, akitoka shule, Chiriku alipita njia iliyonyooka, katikati ya watu. Bibi Cherehani alikuwa nje juani, amejifunika kanga mabegani, na kiti cha miguu mitatu kilikuwa kando yake. Chiriku akamwamkia, akaketi.